Nimerudi kutoka misheni Malawi: nitoe ushuhuda gani?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanakwaya katika ushirika mmoja karibu na Tukuyu. Mwezi wa Agosti vijana wetu tulivuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, kwa safari fupi ya misheni, ambako tuliimba, tulihubiri nyumba kwa nyumba na kupaka rangi kanisa. Jioni ya mwisho watu wengi waliinua mikono kumpokea Yesu, na mwinjilisti wetu akaandika majina yao daftarini. Mimi na mwenzangu tulipokelewa na mama mmoja mjane, ambaye alituachia kitanda chake, yeye na wanawe wakalala mkekani jikoni, na kila asubuhi tuliamka tukakuta ameshatuchemshia maji ya kuoga. Siku ya kuondoka nililia, nikamwahidi kwamba nitamsomesha binti yake mkubwa. Nimepangiwa kutoa ushuhuda Jumapili ijayo na moyo wangu haujatulia. Viongozi wanataka idadi ya waliookoka, lakini mimi ninayemkumbuka zaidi ni yule mama. Tena kipato changu cha cherehani hakitoshi kumsomesha mtoto. Niseme nini, na ile ahadi niifanyeje?

JIBU: Marahaba binti yangu, na asante kwa kuandika kabla ya Jumapili yenyewe. Mzungumzie yule mama, na umzungumzie kwanza. Katika Luka sura ya 10 Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko, bila mkoba wala viatu, akawaagiza wakae katika nyumba iliyowapokea, wale na kunywa vya wenyeji wao. Wahubiri wengi hulieleza agizo hilo kuwa ni fundisho la kujinyima, na si kosa, lakini mimi naona limebeba jambo zito zaidi, kwamba aliyetumwa awe mikononi mwa anayemwendea, amtegemee kwa chakula na malazi, ili asije akadhani kwamba yeye peke yake ndiye mwenye cha kutoa. Mama aliyelala jikoni ili ninyi mlale kitandani alilitimiza neno hilo kwa upande wake, na ushirika wako unastahili kujua kwamba mlikwenda kuhudumu mkahudumiwa. Tena wale sabini waliporudi wakishangilia kwamba pepo wamewatii, Bwana hakuwauliza idadi. Aliwaambia wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni.

Kuhusu mikono iliyoinuliwa, sina shaka kwamba Roho Mtakatifu anaweza kumgeuza mtu kwa jioni moja. Hata hivyo, kwetu na kwao pia, mgeni akiomba jambo mbele ya halaiki ni vigumu kumkatalia, na huenda miongoni mwa walioandikwa wamo washirika wa siku nyingi walioinua mikono kwa furaha au kwa heshima tu. Karonga si shamba lisilowahi kulimwa. Wamishenari wa Scotland walianza misheni yao, iliyoitwa Livingstonia, kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875, nao Wamoravian wa kwanza waliofika Rungwe mwaka 1891 walipitia ziwa hilohilo. Mlikwenda kwa ndugu ambao majirani zao walilisikia Neno kabla ya babu zetu. Kwa hiyo lile daftari lisibaki Tukuyu likisubiri kusomwa kwenye taarifa ya mwaka; mwombeni mwinjilisti alifikishe kwa mchungaji wa Karonga, kwa sababu ndiye atakayewatembelea watu hao masika, njia zikiwa tope, na ndiye atakayejua baada ya mwaka nani amesimama.

Namtaja kwa hili William Koyi, mmishenari Mxhosa aliyesoma katika shule ya misheni ya Lovedale huko Afrika Kusini, akafika Ziwa Nyasa mwaka 1876. Wangoni wa kaskazini mwa Malawi walikuwa wametoka Afrika Kusini, na kwa kuwa lugha yake ilikaribiana na yao, walimsikiliza kwa namna ambayo hawakuwasikiliza Wazungu aliofuatana nao. Ninyi nanyi mlipata mlango kama huo, maana Kinyakyusa chenu na Kingonde cha Karonga ni lugha za ukoo mmoja. Lakini Koyi, pamoja na mlango huo, alikaa miaka mingi akingoja wakuu wa Wangoni wakubali watoto wao wafundishwe, na alifariki mwaka 1886 ruhusa ikiwa ndiyo kwanza imetolewa. Ukitaka vijana wenzako waelewe safari yenu ilikuwa nini na haikuwa nini, wasimulie habari zake.

Sasa ile ahadi. Ahadi ni deni, na kitabu cha Mhubiri kinasema ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Usinyamaze ukitumaini kwamba mama atasahau, kwa sababu hatasahau, na binti yake hatasahau zaidi. Mpigie simu wiki hii, mweleze waziwazi kipato chako, kisha umtajie kiasi unachoweza kukitoa kila muhula bila kukopa, hata kama ni cha madaftari na sare tu. Kipitishe kwa mchungaji wao au kwa idara ya akina mama, ili wanaoijua familia hiyo wajue kinachotoka na kinachofika. Wala usiitangaze ahadi hiyo madhabahuni, na picha za jiko lake na watoto wake usizionyeshe kabla hujamwomba ruhusa.

SWALI: Mchungaji, sisi wazee wa kanisa hapa Mbeya tunapeleka vijana Karonga mwakani, tena mwezi huohuo wa Agosti. Tumeshachangisha nguo na mahindi. Tuongeze nini?

JIBU: Kabla ya kuongeza, waulizeni wenyeji kama wanavihitaji hivyo mlivyo navyo. Agosti mavuno yako ghalani. Chakula Malawi huadimika kati ya Desemba na Machi, na mchango wa wakati huo, ukinunuliwa katika soko la Karonga kwenyewe, utawafaa walaji na wauzaji. Hakikisheni kila kijana ana pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria mapema, na msafara usiwe mkubwa kuliko nyumba zitakazowapokea. Kisha waalikeni waje kwenu, kwaya yao iimbe na mhubiri wao asimame kwenye mimbari yenu Jumapili nzima, na nauli yao iingie kwenye bajeti kabla hamjashona sare za safari.