Materuni na Chemka kwa siku moja?

Dada, umeuliza kama wageni wako wataweza kutembelea Materuni, kwenye maporomoko ya maji na mashamba ya kahawa, na Chemka, kwenye chemchemi ya kuogelea, siku moja kutoka Moshi mjini. Kwa gari la kukodi, ndiyo: Materuni asubuhi, Chemka mchana. Kwa daladala chagua moja, na kwa kuwa kuna watoto, mimi ningechagua Chemka.

Kwenda Chemka, panda gari la Arusha au la Boma Ng'ombe, shuka Boma Ng'ombe, kisha chukua bajaji. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa, ulipe mkisharudi. Jioni kule usafiri ni wa kubahatisha. Barabara ni vumbi kiangazi, tope masika. Maji si ya moto, ni vuguvugu, na katikati kuna kina kirefu, hivyo asiyejua kuogelea abaki ukingoni. Wikendi panajaa mno.

Mkienda Materuni, vaeni viatu vyenye meno, maana njia ya maporomoko huteleza. Kahawa ya kubeba nyumbani nunueni ya punje nzima iliyokaangwa. Iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Na muulize imekaangwa lini.