Je, Aktiki kuna mimea ya kuchunguzwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anasomea elimu ya mimea, mwaka wa tatu, naye ameshikilia kuomba nafasi katika safari ya vijana wanaokwenda kuchunguza mimea ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Nijuavyo mimi, kule ni barafu tupu. Atachunguza nini, ajiandae vipi, na swala zake ataziswali saa ngapi? – Mzazi, Likoni.

JIBU: Mama yetu, barafu ipo, lakini pembezoni mwake kuna nchi ya tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti mirefu, ambayo theluji yake huyeyuka wakati wa kiangazi, na hapo ndipo binti yako atakapopiga magoti. Nasema magoti kwa sababu mti uitwao Salix polaris, unaoota katika visiwa vya Svalbard, Norwe, hauinuki zaidi ya sentimita chache: shina hutambaa ardhini, na vijani vyake, vidogo kama ukucha, ndivyo vinavyochungulia juu. Upepo hauupi nafasi ya kurefuka, na mizizi nayo haina pa kwenda, kwa kuwa ni tabaka la juu tu la ardhi linalolainika. Chini yake pameganda mwaka mzima.

Wachunguzi huweka fremu ya mraba iliyopitishwa kamba, huteremsha kijiti chembamba kila kamba zinapokutana, na kuandika kila mmea kiliougusa. Jaribio la Kimataifa la Tundra, lililoanzishwa 1990, limekuwa likizungushia baadhi ya viwanja kuta angavu zisizo na paa, zinazoongeza joto kwa digrii 1 hadi 3, ili vilinganishwe na viwanja vilivyoachwa wazi. Vichaka vinaenea sehemu nyingi, na hilo si dogo, maana mimea ikibadilika, kuganda kwa ardhi nako huweza kubadilika, na ardhi iliyoganda ya kaskazini imehifadhi kaboni karibu mara mbili ya iliyoko hewani.

Nguo nzito zitapatikana. Jicho na mkono ndivyo vya kuzoezwa mapema. Maji yakikupwa, aende kwenye mikoko ya Tudor na fremu yake, ahesabu miche ya mchu na mkandaa, kisha arudi palepale mwezi ujao. Aandike kwa penseli, kwani wino hugoma kwenye baridi na majimaji.

Kabla hamjalipa chochote, waulizeni waandalizi nani atakayelinda kikundi dhidi ya dubu. Kuhusu swala, Svalbard jua halitui tangu Aprili hadi Agosti, hivyo amwendee sheikh wake mapema, apate maelekezo kamili kabla ya kusafiri.