Programu ya kupangia kazi: mtazame kwanza yule asiyependa kuandika

Mtoa mada, nimefuatilia uzi wako tangu jana. Umesema mko saba, kazi mnagawana kwenye kundi la WhatsApp, nusu zinapotelea humo humo, na wachangiaji wamekutajia Trello, Jira, Asana, Notion na ClickUp hadi umeomba mtu akuambie moja tu uende nayo. Nitaitaja, ila mwishoni. Mimi nilishatajiwa "moja tu" mara tatu, na zote tatu zilinifia mikononi.

Naratibu timu ndogo inayoandaa vitabu vya mafunzo. Tuko wanane: waandishi, wachoraji wawili, wahariri, na mmoja anayepanga kurasa. Sura moja hupita mikono minne kabla haijaitwa imekwisha. Si mradi wa kujenga daraja, lakini pia si orodha ya mtu mmoja. Nadhani tunafanana.

Programu ya kwanza niliichagua kisomi. Nilichora jedwali, programu sita juu, sifa ishirini na kitu pembeni, nikaweka tiki. Iliyopata tiki nyingi ndiyo niliyochukua. Ilikuwa na kila kitu: chati ya Gantt (mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini), ripoti za rangi, kipima muda, na hatua za kazi ambazo unajitungia mwenyewe. Nikazitunga kumi na moja. "Imepokelewa", "imepangwa", "inaandikwa", "inasubiri mhariri", "kwa mhariri"... Nilimaliza Jumamosi na Jumapili nzima nikipanga, Jumatatu nikawaonyesha wenzangu, wakanipongeza kweli kweli.

Baada ya mwezi, mchoraji wetu mmoja, ambaye kwa kalamu hana mpinzani pale, alikuwa bado anatuma picha WhatsApp na kuandika "tayari". Kwenye ubao wa programu, ambako kila kazi ni kadi inayohamishwa hatua kwa hatua, kadi yake inasoma "inachorwa". Nikawa namhamishia mimi. Kisha nikawa namhamishia na mhariri mmoja. Kufika mwezi wa tatu nimegeuka karani: nasoma WhatsApp upande huu, nahamisha kadi upande ule, kwa niaba ya watu wazima wenye simu zao. Wiki niliyougua, ubao ulisimama kama saa iliyoishiwa betri, na kazi zikaendelea bila wasiwasi wowote. Hapo nikajua ile haikuwa programu ya timu. Ilikuwa daftari langu lenye rangi.

Kwa hiyo ukiacha mengine yote niliyoandika hapa, chukua hili: atakayeamua kama programu itaishi ni yule mwenzenu asiyependa kuandika. Si bosi, si wewe unayesoma nyuzi kama hizi usiku. Yeye asipoandika, ukweli unakuwa sehemu mbili, kwenye ubao na kwenye WhatsApp, na watu wakishaona ubao umewadanganya mara mbili tatu hawaufungui tena. Siku hizi kabla sijakubali programu yoyote nampa mtu huyo simu yake mwenyewe, namwambia, "Ongeza kazi moja, mpe fulani, kisha iwekee kwamba imeisha." Simsaidii. Nahesabu tu amegusa kioo mara ngapi na ameuliza maswali mangapi. Akiuliza zaidi ya moja, hiyo programu nimeiacha, hata iwe na sifa za kuujaza ukuta.

Ya pili na ya tatu nitazipitia haraka. Ya pili ilikuwa orodha nyepesi ya binafsi ambayo tulijaribu kuitumia kwa pamoja. Kuandika ilikuwa rahisi mno, tatizo kazi haikuwa na mwenyewe: kila mtu aliiona, kila mtu akadhani mwingine ameishika. Ya tatu ilikuwa programu huria tuliyoisimika kwenye seva yetu wenyewe. Ilikuwa nzuri, na hadi leo nazisifu programu za aina hiyo (Redmine ipo tangu 2006 na watu bado wanaitumia, Kanboard ni nyepesi kama karatasi), lakini aliyeisimika alihama kazi, diski ikafa, na nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski ile ile. Kosa letu sisi, si la programu. Kama hamna mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuitunza seva, msijaribu.

Kabla ya ya nne sikusoma ulinganisho wowote. Nilichukua daftari, kwa wiki mbili nikaandika kila kazi iliyochelewa au kupotea, na pembeni mahali ilipopotelea. Nilitegemea kuona watu wanasahau tarehe. Waliosahau tarehe walikuwa wachache kabisa. Kuna zilizopotelea mlangoni: mtu kaombwa kwa simu au kwenye korido, akasema sawa, haikuandikwa popote. Nyingi kuliko zote zilikuwa hazijapotea hata kidogo, zilikuwa zimekaa. Mwandishi kamaliza, mhariri hajui kama zamu yake imefika, au anajua lakini ana sura tisa nyingine mezani.

Hiyo ilinibadilisha mawazo kuhusu nini hasa natafuta. Ukisahau tarehe, unahitaji kalenda yenye kengele, na simu yako tayari inayo. Kazi zikipotelea mlangoni, unahitaji mlango mwepesi: programu inayokupa anwani ya barua pepe, ukituma ujumbe pale unageuka kazi. Trello, Asana na Todoist zote zinaweza hilo, na wachache wanajua. Kazi zikikaa, hapo ndipo ubao wa safu (kila hatua na safu yake ya kadi) una maana, kwa kuwa rundo linaonekana kwa macho.

Lakini kuona rundo hakulipunguzi, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, ni hesabu ya shule ya msingi: wastani wa muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizo wazi ukigawa kwa idadi mnazomaliza kila wiki. Mkiwa na kazi 30 wazi na mnamaliza 5 kwa wiki, kila kazi mpya itachukua kama wiki 6, mpende msipende. Ukinunua programu nzuri zaidi, ni wiki 6 zile zile, sasa zina rangi. Ukizuia zilizo wazi zisizidi 15, na kasi ya kumaliza ikabaki ile ile, ni wiki 3. Sisi tulikubaliana safu ya mhariri isizidi kadi nne. Mwandishi akimaliza na safu imejaa, haanzi sura mpya, anamsaidia mhariri. Wiki ya kwanza walininunia. Ndiyo kitu pekee kilichofanya sura zianze kutoka kwa wakati.

Wala si ubunifu wangu. Utaratibu huu wa kadi na kikomo huitwa kanban. Neno hilo ni la Kijapani, maana yake ni kibao cha ishara, na utaratibu wenyewe Taiichi Ohno aliukuza Toyota. Kadi ilikuwa ya kuzuia: hakuna kadi, usitengeneze kipuri kingine. Mbao nyingi za kwenye kompyuta zimechukua kadi zikaacha kizuizi. Jira na Kanboard zinakuruhusu kuweka kikomo kwenye safu, ila zinachofanya ni kukuonya kwa rangi tu, hazikufungii mlango. Trello inahitaji nyongeza. Sisi tuliandika tu namba kwenye jina la safu, "Kwa mhariri (4)", ikatosha.

Sasa hizo ulizotajiwa. Jira ilitoka 2002 kwa ajili ya kufuatilia hitilafu za programu za kompyuta, na jina lake lilikatwa kutoka Gojira, yaani Godzilla kwa Kijapani. Jina linalingana na umbo. Ukiwa na kazi ambazo lazima zipite hatua fulani, isiruke hata moja, na mkaguzi anaweza kuja kuuliza nani alibadilisha nini siku gani, ni chombo hodari. Kwa watu saba wanaopoteza kazi WhatsApp, ni kuchinja kuku kwa shoka. Mchangiaji aliyesema "Jira ni mbaya" simuungi mkono. Ni nzito kwa sababu ilijengwa kubeba mizigo mizito.

Notion ni tofauti kidogo, si nyumba bali ni mbao na misumari. Utajenga unachotaka, na kila timu niliyoiona ikiifurahia ina fundi mmoja anayeipenda. Ulizeni kwanza fundi huyo ni nani kwenu, na akiondoka itakuwaje. Kwa kuhifadhi maandishi, miongozo na kumbukumbu za vikao, sina cha kuilaumu.

Chati ya Gantt (Henry Gantt, miaka ya 1910, wakati huo watu wanachora kwa rula) ni nzuri pale kazi moja ikichelewa inasukuma nyingine kumi: msingi kabla ya ukuta, ukuta kabla ya paa. Kama kazi zenu ni za siku mbili mbili na haziegemeani, mtakuwa mnachora upya kila asubuhi. Mkizihitaji kweli mtajua bila kuambiwa.

Na kuna aliyecheka mchangiaji wa juu aliyesema jedwali la kawaida linatosha. Hakustahili kuchekwa. Jedwali la mtandaoni lenye safu nne, kazi, mwenye kazi, hali, tarehe, limeendesha timu nyingi kuliko tunavyokubali. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida halimwambii mtu zamu yake imefika, na mazungumzo kuhusu kazi mara nyingi yanabaki nje yake. Kama hivyo viwili haviwasumbui, komeni hapo.

Jambo ambalo sijaona mtu akiligusa ni kutoka, yaani kuihama programu na kazi zenu. Wunderlist, programu ya orodha za kazi, ilipendwa na watu wengi, Microsoft ikainunua 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Trello nayo iliuzwa kwa Atlassian, kampuni ya Jira, mwaka 2017, hiyo ikaendelea. Huwezi kujua mapema. Aprili 2022 hati ya amri za kompyuta huko Atlassian ilikusudiwa kuondoa kiprogramu cha zamani, ikafuta tovuti nzima za wateja. Walioguswa walikuwa kama 775, na baadhi yao walikaa hadi siku 14 bila kazi zao. Data ilirudi, lakini hebu fikiria siku 14 hujui nani anafanya nini. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hamjaingiza kazi za kweli, weka kadi tano za kubuni zenye maoni na faili, kisha jaribu kuzitoa. Tazama kinachobaki. Mara nyingi majina ya kazi na tarehe hutoka vizuri, maoni na viambatisho ndivyo hubaki nyuma. Trello kwa akaunti ya bure inakupa faili la JSON, ambalo fundi atalisoma na wewe hutalisoma. CSV ya kufungua kwenye jedwali ni ya wanaolipa. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kujua mapema. Mimi kila mwisho wa mwezi natoa nakala na kuiweka mahali pengine. Tangu ile diski, sijacheza na hilo.

Arifa: zimeni zote siku ya kwanza, bakizeni mbili tu, "umepewa kazi" na "umetajwa". Programu ikimlilia mtu mara arobaini kwa siku ataizima yote, na ile moja ya maana itaenda nayo. Pia angalieni ubao usiwe wa hadharani. Watu wamewahi kuacha manenosiri kwenye mbao ambazo mtu yeyote angezipata kwa kutafuta mtandaoni.

Umeuliza pia ufanyeje bosi anapotaka ripoti. Mpe kiungo cha ubao na, programu ikiruhusu, haki ya kutazama tu. Akisisitiza grafu, mwulize grafu ya wiki iliyopita aliifanyia nini. Ulize kwa adabu.

Haya, moja. Kwenu saba, kwa ulivyoeleza, anzeni na Trello, au Kanboard kama mna mtu wa seva. Safu nne: inasubiri, inafanyika, kwa mwingine, imeisha. Ile ya tatu, "kwa mwingine", msiiache, na iwekeeni kikomo. Kila kadi jina moja, si mawili. Kadi yenye wenyewe wawili haina mwenyewe. WhatsApp msiifunge, mtashindwa. Wekeni sharti moja: anayeomba kazi ndiye anayeandika kadi, na aliyeombwa akijibu "weka kadi" asionekane mjeuri. Kwetu ilichukua kama wiki tatu mpaka bosi mwenyewe alipoambiwa "weka kadi" na akaiweka.

Ila kabla ya hayo, zile wiki mbili za daftari. Na utuambie hapa, kazi zenu zinapotelea mlangoni au zinakaa kwa mtu? Kama ni mlangoni, nina mengine ya kusema kuhusu ile njia ya barua pepe.