Lipu ya simenti inabanduka kwenye nyumba ya mawe: tupige nyingine kali zaidi?

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Mji Mkongwe, Bagamoyo. Upande wa mbele ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, kuta zina unene wa karibu nusu mita. Uani tuliongeza vyumba viwili vya tofali za bloku za inchi sita. Miaka sita iliyopita nyumba nzima ilipigwa lipu ya simenti na kupakwa rangi ya plastiki. Sasa mbele lipu imevimba, ukiigonga inalia kama debe tupu, na kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno inadondoka vipande vipande na kuacha unga mweupe. Nyuma kuna nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na ukisugua kwa kiganja unatoka na vumbi. Fundi anashauri tubandue yote, turushe rafu kasti (mchanganyiko mwepesi wa simenti na mchanga wa kushikisha lipu), kisha tupige lipu ya moja kwa tatu, yaani simenti moja kwa mchanga tatu, yenye dawa ya kuzuia maji, mbele na nyuma. Tumfuate?

Jibu: Nyuma, fundi wenu anakaribia ukweli. Mbele, asiguse kwa simenti. Mna kuta mbili zenye tabia mbili, na mchanganyiko hufuata ukuta, haufuati mazoea ya mpigaji.

Tuanze mbele, maana ndiko kwenye hasara kubwa. Nyumba za mawe za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na hubeba chumvi. Enzi za lipu ya chokaa maji hayo yalitoka nje kwa mvuke bila kuleta ghasia, kwa kuwa chokaa ina vitundu vingi. Simenti, na juu yake rangi ya plastiki, imeziba njia hiyo. Kwa hiyo maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanakauka nyuma ya lipu, na chumvi inaganda hapo hapo. Chembe za chumvi zinapokua husukuma, na simenti haina pa kwenda ila kubanduka. Huo unga mweupe mnaouona ndiyo chumvi yenyewe.

Kuna jambo la pili. Ukuta wa matumbawe na udongo hucheza kidogo kila msimu. Simenti ni ngumu, haichezi, inapasuka. Mvua ya masika inaingia kwenye ufa na haitoki tena. Dawa ya kuzuia maji ikiongezwa, itazuia maji yasitoke. Na moja kwa tatu hushika jiwe kwa nguvu kiasi kwamba siku ikibanduka inaondoka na uso wa tumbawe. Mkiwa na boriti za mikoko zilizopachikwa ukutani, unyevu huo uliofungiwa ndio unaozioza ncha.

Kabla patasi haijagusa chochote: Mji Mkongwe una majengo yanayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ulizeni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale kama nyumba yenu imo, na mpate ruhusa kwa maandishi.

Kubandua kuanzie juu kwenda chini, kwa patasi na nyundo ndogo, patasi ikilazwa pembeni. Mashine ya kutoboa zege isiingie humo. Inatikisa udongo wa ndani na mawe yanalegea. Pale ambapo simenti bado imeng'ang'ania jiwe na kuiondoa kungevunja jiwe, iacheni kwa sasa. Chumvi iliyobaki isuguliwe kwa brashi kavu na ikusanywe kwenye turubai. Msiioshe kwa maji, kwani maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha shusheni udongo wa nje uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, upeni mteremko wa kwenda mbali na ukuta, na karo la bafu likiwa limeegemea ukuta huo lihamishwe. Ukuta uachwe wazi ukauke. Miezi mitatu ya jua si mingi kwa unene wa nusu mita, na hapa ndipo wenye nyumba wengi huishiwa subira.

Chokaa sasa. Dukani kuna mifuko inayofanana. Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Haishiki kitu hata ukiikoroga mwaka mzima. Chokaa iliyokaa ghalani kwenye mfuko uliopasuka nayo imeshavuta hewa na kurudi kuwa jiwe. Jaribio lake ni rahisi: weka kijiko cha unga kwenye sahani na kamulia matone ya ndimu. Ikitoa mapovu mengi, irudishe. Iliyo nzuri hutulia, au hutoa mapovu machache sana. Unga mzuri uloweke kwenye pipa, maji yafunike juu, kwa siku moja angalau; wiki mbili ni bora, itakuwa laini kama siagi.

Mkipata mabonge ya chokaa yaliyotoka tanurini, hiyo ni kali. Bonge hutiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya bonge, na chombo kiwe pipa la chuma au shimo, kwa sababu inachemka na kuyeyusha ndoo ya plastiki. Chekecha ikishapoa, ifunike kwa maji miezi mitatu. Miwani na glavu ni lazima. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali.

Mchanga uwe wa mtoni, na uchotwe juu mbali na mdomo wa Ruvu, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Ukuta utatoa jasho kila masika hata kama paa halivuji. Kupima udongo uliomo mchangani, jaza mchanga nusu chupa ya maji, ongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, acha saa tatu. Tope litakalokaa juu likizidi milimita 8 kwa kila sentimita 10 za mchanga, mchanga uoshwe au uletwe mwingine. Maji yawe ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo 3 za mchanga. Msiongeze maji mengi, chokaa iliyolowekwa inayo ya kutosha. Ponda kwa mpini wa chepe mpaka ilainike. Ukuta wa mita 4 kwa 3, wenye lipu ya milimita 25 kwa jumla, utakula ndoo za lita 20 kama 15 za mchanga na 5 za chokaa. Kuta za mawe zina mashimo, hivyo wekeni akiba ya theluthi moja.

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, uwe na unyevu bila maji kutiririka. Mashimo yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa, isizidi sentimita 2 kwa mkupuo mmoja. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, urushwe kwa nguvu, milimita 10 hadi 12, kisha uchanwe mistari ya kukatana. Subiri mpaka kucha isiingie, mara nyingi siku 5 hadi 7. Mkono wa pili milimita 10. Wa tatu ni mwembamba, milimita 3 hadi 5, mchanga laini uliochekechwa, kipimo 1 kwa 2. Nyufa ndogo zitatokea siku ya kwanza. Zirudie kwa kibao cha mti ukisugua kwa mduara na maji kidogo. Mwiko wa chuma usitumike kumalizia, unaziba vitundu, na niru (uji wa simenti wa kulainishia) ndiyo kabisa isikaribie.

Chokaa haigandi kama simenti. Hukomaa kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu. Kwa hiyo tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta bila kuugusa, na nyunyizeni maji kama ukungu mara tatu au nne kwa siku, wiki nzima kwa kila mkono. Kazi hii ifanyike baada ya masika, Juni hadi Septemba. Kaskazi ya Januari inaikausha ikiwa bado mbichi, nayo inageuka vumbi.

Kwenye vyumba vya uani maelezo ni mafupi. Nyufa za utando wa buibui hutokana na simenti kuzidi au jua kuiwahi. Vumbi hutokana na kutomwagiliwa, au na mchanganyiko uliokaa mpaka ukaanza kushika kisha ukaongezwa maji. Ile ya moja kwa tatu ingezidisha nyufa. Gonga kila mahali kwa mpini wa mwiko. Bandua palipo na mvungu na palipo laini, pazima paachwe. Rafu kasti anayoitaka fundi ni sawa hapa: simenti 1 kwa mchanga 2, nyepesi, irushwe na imwagiliwe siku mbili. Kisha lipu ya 1 kwa 5, milimita 15. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, maana yake ndoo 9 pungufu kidogo za mchanga, na hufunika mita za mraba 9 au 10. Fundi akoroge kinachokwisha ndani ya saa moja. Kilichoganda kitupwe, hata akinung'unika. Kumwagilia ni siku 7, rangi baada ya wiki nne. Lipu iishie juu ya nailoni ya msingi, isiivuke kwenda chini, la sivyo maji yatapita pembeni yake.

Pale bloku zinapokutana na mawe msiunganishe lipu. Acheni mfereji wima wa sentimita 1, mjaze chokaa. Kuta hizo hazichezi pamoja, na ufa utatokea hapo hata mkiuficha.

Mbele msirudishe rangi ya plastiki. Pakeni chokaa iliyochujwa, nyepesi kama maziwa, mikono mitano au sita, siku moja kati ya mmoja na mwingine, kila mara mkilowesha ukuta kwanza. Ikionekana kama maji siku ya kupaka, ni sawa. Weupe huja ikikauka. Masika ya kwanza chumvi iliyobaki ndani itatokeza mabaka karibu na sakafu, na huenda lipu ikalegea sehemu hiyo. Sugueni kwa brashi kavu, mbandue hapo tu, mpige tena kwa kipimo kilekile, na kwa ajili hiyo bakizeni ndoo mbili za chokaa chini ya maji kwenye pipa lenye mfuniko.