Madoa ukutani baada ya kujaziwa sufi: dawa ya sindano si jibu

Swali: Fundi, habari za kazi. Naishi Swansea, Wales, kwenye nyumba ya miaka ya 1930. Aliyetuuzia alishajaza sufi ndani ya kuta ili kupunguza bili ya joto. Tangu baridi iliyopita, sebule ina madoa ya kahawia, kila moja kama sahani, juu ya dirisha na katikati ya ukuta. Chumba cha watoto kina ukungu mweusi nyuma ya kabati. Kampuni moja ilikuja na kifaa chenye ncha mbili, kikalia, wakasema unyevu unapanda kutoka ardhini na ukuta wote upigwe sindano za dawa. Nikubali? – Mama Wawili

Jibu: Pole dada. Usisaini kitu kwanza.

Unyevu wa ardhini hupanda kutoka chini na kwa kawaida huishia kama mita moja hivi. Hauwezi kuruka ukatokea juu ya dirisha huku chini pakavu. Na kile kifaa kinapima umeme, hakipimi maji. Chumvi iliyomo kwenye plasta kuukuu inatosha kukiliza.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za bloku la inchi sita tunajua ukuta ni mmoja. Wako ni kuta mbili zilizosimama sambamba, zimeshikanishwa kwa vyuma vidogo, na katikati pana uwazi wa kama milimita 50. Uwazi huo ulikuwa na kazi. Mvua ikipenya tofali la nje, maji huteremka kwa ndani ya tofali hilo hadi chini, yakatoka. Ukuta wa ndani hayaugusi. Ukijaza uwazi huo, umeziba mfereji.

Nyumba nyingi Uingereza zimejazwa na wenyewe hawajaona tone. Lakini ni lazima ukuta wa nje uwe mzima, na mahali pawe panafaa. Uingereza imegawanywa katika kanda nne kwa kadiri mvua inavyosukumwa na upepo, na pwani ya magharibi, Wales ikiwemo, ndiko kwenye zile kali. Kwa hiyo nina swali: ukuta wa sebule unatazama kusini-magharibi? Na madoa hukolea siku moja au mbili baada ya mvua ya upepo, kisha hufifia? Kama ndiyo, maji yanavuka kupitia sufi.

Niliwahi kutoa tofali moja mahali penye doa kama hilo. Juu ya chuma kinachounganisha kuta palikuwa na bonge la saruji, limedondoka tangu siku za ujenzi, na sufi imelikumbatia. Niliikamua kama tambara la kudekia. Hatua mbili kando yake, sufi ilikuwa kavu kabisa. Ndiyo maana madoa huja kama sahani, hapa na pale, badala ya ukuta mzima kulowa.

Chumba cha watoto nakishuku kwa jambo jingine. Ukungu mweusi nyuma ya kabati mara nyingi ni mvuke wa humohumo ndani: pumzi, maji ya kuoga, nguo zinazoanikwa kwenye rejeta ya kupasha chumba joto. Pengine sufi imeshuka pale na kuacha kipande cha ukuta baridi, au waliojaza waliziba matofali ya kupitishia hewa. Hili la pili nimelikuta zaidi ya mara moja. Jaribu hivi: kausha sehemu ya ukuta kwa draya ya nywele, bandika kipande cha karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ziba pande zote nne kwa tepu, acha siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa karatasi unaotazama chumba, unatoka chumbani. Ukiwa nyuma yake, unatoka ukutani.

Kisha zunguka nje mvua inaponyesha. Tazama gata linalofurika, ufa kwenye plasta ya nje, saruji iliyomomonyoka kati ya matofali, maua au udongo uliorundikwa kupita DPC, yaani utando uliolazwa chini ukutani kuzuia unyevu wa ardhi. Mara nyingi kosa ni hilo, na kulirekebisha ni rahisi kuliko kutoa sufi.

Ukishayaziba hayo na doa bado linarudi, tafuta mkaguzi wa kujitegemea asiyeuza dawa. Mwambie atoboe tundu dogo na kuingiza kamera ndani ya uwazi, na apime unga wa tofali kwa kabaidi, kemikali inayotoa gesi ikikutana na maji. Hicho ndicho kipimo cha maji yenyewe. Sufi ikiwa imelowa, hutolewa: matofali machache yanaondolewa, hewa ya mgandamizo inaisukuma, mashine inaivuta.

Kabla ya kulipia hayo, pekua makaratasi ya nyumba. Kazi nyingi za namna hii zina dhamana ya miaka 25 ya CIGA, shirika lililoanzishwa 1995, na dhamana hiyo hufuata nyumba hata ikiuzwa. Waulize kwa anwani yako. Uwe na picha zenye tarehe, na uwe umeshatengeneza gata na nyufa, maana wakikuta hujatunza nyumba watakukatalia hapohapo.

Usipake rangi ya kuzuia maji kwa ndani wala kupiga plasta mpya sasa. Tofali likishalowa hukauka polepole. Mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ukuta wa ndani, wa kama inchi nne, utahitaji kama miezi minne. Kabati la watoto lisogeze leo, upana wa kiganja kutoka ukutani, na ule ukungu uufute kwa kitambaa chenye maji huku umevaa barakoa. Usiukwangue ukiwa mkavu.