Mchezaji wa zamani au mchezaji mstaafu?

SWALI: Ninaandika wasifu mfupi wa Tom Brady, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa futiboli ya Marekani. Nimeanza hivi: "Tom Brady, mchezaji wa zamani wa New England Patriots, amestaafu kutoka futiboli mwaka 2022." Mhariri ameirudisha. Kosa liko wapi?

JIBU: "Mchezaji wa zamani wa Patriots" ni sahihi, ila haina maana unayoitaka. "Wa zamani" inahusu timu tu. Brady aliichezea Patriots misimu 20, na mkataba ulipokwisha Machi 2020 akahamia Tampa Bay Buccaneers. Tangu hapo ni mchezaji wa zamani wa Patriots, na bado tarehe 7 Februari 2021 alitwaa Super Bowl, taji kuu la futiboli ya Marekani, kwa mara ya saba, Buccaneers walipoifunga Kansas City Chiefs 31–9. Mstaafu ni yule aliyeacha mchezo wenyewe. Ukiandika "mchezaji mstaafu wa Patriots", msomaji ataelewa kwamba alimalizia huko, na sivyo. Wala usiseme alitemwa. Aliondoka akiwa huru.

Kosa la pili ni "kutoka". Mtu hustaafu kazi, hustaafu soka, hustaafu kucheza. Kitenzi hiki hakihitaji kihusishi.

Kubwa zaidi ni wakati wa kitenzi. Kiambishi -me- huonyesha hali iliyopo hadi sasa, kwa hiyo hakikai vizuri na mwaka uliokwisha pita. Ukitaja tarehe, tumia -li-. Na kwa Brady tarehe yenyewe ina mtego: alitangaza kustaafu tarehe 1 Februari 2022, akabadili nia katikati ya Machi, akacheza msimu mmoja zaidi, akastaafu moja kwa moja tarehe 1 Februari 2023. Tazama kazi ya -ka- hapo: kitenzi cha kwanza kimebeba -li-, vinavyofuata vimepanga matukio moja baada ya jingine. Ukirudia -li- kila mahali, matukio yanasimama mbalimbali na msomaji hapati mfululizo. Usianzishe aya kwa -ka-, na kwenye ukanushi rudi kwa "hakustaafu".

Andika hivi: "Tom Brady, aliyezichezea Patriots na Buccaneers, alistaafu mwaka 2023." Au, bila tarehe: "Tom Brady amestaafu kucheza." Neno "kucheza" usilidondoshe, kwa sababu "amestaafu kazi" si kweli: tangu 2024 ni mchambuzi wa mechi kwenye televisheni ya Fox na mmoja wa wamiliki wa timu ya Las Vegas Raiders.

Ukipenda "aliyekuwa kwotabeki wa Patriots", lipe kitenzi karibu: "aliyekuwa kwotabeki wa Patriots anunua hisa". Likiachwa peke yake kwenye kichwa cha habari, juu ya picha ya mtu, wasomaji wengi hudhani ni tanzia.