Mkonge Haupigi Kura: Majibu Kuhusu Ramani za Matokeo ya Uchaguzi

Shikamooni wahariri. Nafundisha Jiografia sekondari, Muheza. Wanafunzi wamepaka majimbo ya mkoa wa Tanga rangi za vyama vilivyoshinda. Kilindi na Handeni Vijijini yamemeza karatasi, Tanga Mjini ni kama kipele. Tumekosea wapi?

Marahaba, mwalimu. Wamepaka ardhi, na ardhi haijaandikishwa kupiga kura. Mkonge haupigi kura, wala msitu. Tazama jirani zetu Kenya: kaunti ya Marsabit ina takriban kilomita za mraba 70,000, Nairobi haifiki 700. Lakini mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4, Marsabit hawakufika 200,000. Ukipaka rangi tu, Marsabit inapiga kelele mara mia.

Acheni majimbo yawe kijivu hafifu, kisha kila jimbo lichorewe duara linalolingana na kura zake halali. Hapa ndipo wengi huteleza: kinacholingana na kura ni eneo la duara, si nusu kipenyo. Jimbo la kura 40,000 likiwa na nusu kipenyo cha milimita 5, la kura 160,000 litakuwa na milimita 10. Uwiano wao ni 4, na kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Mwanafunzi akizidisha kwa 4 apate milimita 20, duara lake litakuwa kubwa mara 16.

Duara likae penye watu. Programu huliweka katikati ya umbo, na katikati ya umbo huenda pakawa porini. Pangani, kwa mfano, sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Saadani. Lisogezeni kwa mkono.

Kwa kura za urais, achaneni kabisa na rangi ya mshindi wa jimbo. Nchi nzima ni jimbo moja. Kura ya Pongwe na ya Mlalo zina uzito uleule, na aliyepata asilimia 49 Mlalo hakupoteza kura hizo. Onyesheni asilimia. Marekani wana sababu ya kupaka jimbo zima rangi moja, maana isipokuwa Maine na Nebraska, mshindi wa jimbo huzoa wajumbe wake wote wanaomchagua rais. Sisi tunaiga rangi zao bila kuwa na sheria yao.

Natumia QGIS, programu ya kuchora ramani. Nimeunganisha jedwali la matokeo na faili la mipaka ya kata, nusu ya kata zimebaki tupu. Msomaji, Makorora.

Mshukiwa wa kwanza ni majina. "Ngamiani Kati" yenye nafasi moja iliyojificha mwishoni si "Ngamiani Kati" kwa kompyuta, na "Korogwe Mji" si "Korogwe Mjini". Hata yakilingana herufi kwa herufi bado kuna hatari: kata ya Majengo iko Tanga, iko Moshi, iko Dodoma. Unganisha kwa namba za kata. Namba hizo zikianza na sifuri, ifanye safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kubandika kwenye Excel, la sivyo sifuri italiwa.

Ondoa pia koma kwenye kura, kwa kuwa 12,345 huweza kusomwa kama maandishi. Jaribu kupanga safu kuanzia ndogo: 12,345 ikitangulia 9,800, umeshaujua ugonjwa.

Kisha angalia umri wa mipaka. Faili la zamani litakuwa na Muheza kabla Mkinga haijamegwa, au Handeni kabla ya Kilindi. Na wilaya si jimbo: wilaya ya Lushoto ina majimbo ya Lushoto, Mlalo na Bumbuli.

Kama mipaka imekaa pembeni ya barabara kwa kama mita 300, usiiburute. Faili moja limo kwenye Arc 1960, jingine WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali duniani. Kwa Tanga gridi ya ramani ni UTM kanda ya 37 Kusini, ambayo namba yake ya utambulisho kwenye programu (EPSG) ni 21037 kwa Arc na 32737 kwa WGS. Badilisha moja lifuate jingine.

Ukimaliza, jumlisha kura kabla na baada ya kuunganisha. Zikitofautiana hata kwa moja, usichapishe.

Asilimia ya nini hasa? Kila gazeti na yake. Msomaji, Pangani.

Inategemea umegawanya kwa nini. Mwaka 2015 Magufuli alipata kura 8,882,935. Kwa kura halali 15,193,862 ni asilimia 58.46, ambayo ndiyo iliyotangazwa. Ukiingiza kura zilizokataliwa inakuwa 56.96, kwa wote walioandikishwa, 23,161,440, ni 38.35. Zote ni sahihi. Kigawanyo kiandikwe kwenye ufunguo wa ramani.

Nalinganisha waliojitokeza 2010 na 2015, ramani zimetoka kama mapacha. Msomaji, Chumbageni.

Programu imepanga madaraja, yaani makundi ya asilimia yanayopewa rangi, upya kwa kila mwaka, hivyo "juu kabisa" ya 2010 imepata rangi ileile na ya 2015, ilhali kitaifa walijitokeza asilimia 42.84 na 67.34. Yaandike madaraja mwenyewe, kwa mfano 30, 40, 50, 60, 70, na uyatumie kwenye ramani zote mbili. Rangi iwe moja, kutoka hafifu hadi nzito. Nyekundu na kijani pamoja huwapotea wenye shida ya kutofautisha rangi.

Na ukihamia kwenye ubunge, jimbo ambalo mgombea alipita bila kupingwa lichorwe mistari ya mshazari na lipewe mstari wake kwenye ufunguo. Usilipe asilimia 100, maana hapakuwa na kura ya kuhesabu.